Mdudu Mgeni Pafuni: Atibiwe au Aachwe?

MTAALAMU WA MAABARA: Kwenye fomu nimeandika nilichokiona: Stenotrophomonas maltophilia, ameota kwa wingi katika makohozi yaliyonyonywa kwenye mpira wa mgonjwa wa kitanda namba tatu. Sikuandika kwamba mgonjwa ana nimonia ya mdudu huyo. Hayo ni mambo mawili, na kila wiki nayaona yanachanganywa.

DAKTARI WA ICU: Yanachanganywa kwa sababu kwa mgonjwa huja pamoja. Mzee huyu yuko kwenye mashine siku ya kumi na moja. Juzi alitosheka na oksijeni ya asilimia 40, leo tumefika 70 na bado anahangaika. Joto limepanda hadi 38.9. Picha ya kifua ina doa jipya chini upande wa kulia, na makohozi yamegeuka mazito ya kijani. Nimonia ya mashine ni ile inayoanza saa 48 au zaidi baada ya mtu kuwekewa mpira kooni. Sasa unataka nisubiri nini?

MTAALAMU WA MAABARA: Nataka usimhukumu kwa jina lake geni. Mpira ukikaa kooni siku chache, ukutani mwake huota utando, na ndani ya utando huo wanaishi wadudu wa kila namna. Mtu aliyekaa kwenye mashine wiki mbili, ukimnyonya makohozi lazima utaotesha kitu. Leo huyu, kesho Acinetobacter, keshokutwa fangasi aina ya Candida, na kuna watu wanamwagiwa dawa za fangasi bure wakati Candida karibu kamwe haleti nimonia. Kuota kwenye sahani yangu si kuugua.

DAKTARI WA ICU: Na chini ya hadubini uliona nini? Sema yote.

MTAALAMU WA MAABARA: Seli za usaha nyingi, hilo silifichi. Lakini wadudu wenyewe walikuwa wa kutafuta. Usaha huletwa na mengi: kupaliwa, bonge la damu pafuni, pafu lenyewe kuchoka na mashine.

DAKTARI WA ICU: Usaha, homa, oksijeni kupanda, doa jipya. Ukivijumlisha unapata "mengi"? Mimi napata nimonia.

MTAALAMU WA MAABARA: Nimonia huenda ipo. Swali langu ni ya nani. Tena tuulizane mdudu huyu alifikaje. Mgonjwa amepewa meropenemu siku nane. Stenotrophomonas amezaliwa na kimeng'enya kinachoivunja meropenemu, hakuhitaji kujifunza usugu hospitalini. Tukiwamaliza wenzake wote, shamba linabaki lake. Namwona kama alama ya dawa tuliyotoa, na kwa wengi huishia hapo.

DAKTARI WA ICU: Meropenemu niliitoa mimi na wala sijutii. Siku ya tatu presha ilikuwa 70 kwa 40, mgonjwa amepaliwa na matapishi, na majibu yako yakaja baada ya saa 72. Ningeyasubiri ningekuwa nimeshaandika cheti cha kifo. Halafu hiyo hoja yako ya "tumemleta wenyewe" hainisaidii. Mwizi aliyeingia kwa mlango niliousahau wazi bado ni mwizi.

NDUGU WA MGONJWA: Samahani Dokta, mimi nasikia majina tu. Huyo mdudu ana dawa au hana?

DAKTARI WA ICU: Anayo, dada. Dawa ya kwanza ni Septrini.

NDUGU WA MGONJWA: Septrini hii hii ya dukani? Wanayopewa watu wa CTC, kliniki ya VVU, kila siku? Basi mnabishania nini, si apewe?

MTAALAMU WA MAABARA: Ni hiyo hiyo, ila kipimo ndicho kinachobishaniwa. Anayekunywa kwa kinga anameza vidonge viwili vya kawaida kwa siku. Kwa mdudu huyu pafuni, mtu wa kilo 70 anahitaji dawa inayolingana na vidonge tisa hadi kumi na tatu kila siku. Kwa kiasi hicho Septrini hupandisha potasiamu, huzilemea figo na huweza kukausha uboho usitengeneze damu. Baba yenu potasiamu yake leo ni 5.4, na kriatinini imekuwa mara mbili ya ile aliyoingia nayo. Potasiamu ikizidi hapo, moyo hupoteza mpangilio wake.

DAKTARI WA ICU: Ndiyo maana kuna levofloksasini.

MTAALAMU WA MAABARA: Umeshampima TB?

DAKTARI WA ICU: Amekuja na kiharusi, bwana, hakuja na kikohozi.

MTAALAMU WA MAABARA: Amekuja akiwa hajitambui, nani alimuuliza kama anakohoa? Levofloksasini ni dawa tunayoitegemea kwa kifua kikuu sugu. Ukimpa mtu mwenye TB iliyojificha, ataonekana amepata nafuu wiki mbili, vipimo vitatoka safi, halafu TB irudi ikiwa imejifunza kuipiga chenga dawa hiyo. Hapa kwetu huwezi kufungua chupa ile bila kuuliza swali hilo.

DAKTARI WA ICU: Hapo nakubali, makohozi yapimwe TB leo leo. Lakini angalia unanipeleka wapi. Septrini unasema figo, levofloksasini unasema TB, kolistini haimgusi vizuri na figo zitakwenda kabisa. Miongozo ya Chama cha Magonjwa ya Kuambukiza cha Marekani inataka nianze na dawa mbili kwa pamoja mpaka mgonjwa aonyeshe nafuu, wewe unanipa sifuri. Na mdudu mgeni si lazima awe mnyonge. Wisconsin, Marekani, mwaka 2015 hadi 2016, Elizabethkingia anophelis aliwashika watu 63, wakafa 18, na chanzo hakijajulikana mpaka leo. Huyo ni bakteria aliyetolewa kwanza tumboni mwa mbu wa Gambia. Nani angemtazama mdudu wa tumbo la mbu akasema ataua wazee wa Marekani?

MTAALAMU WA MAABARA: Wengi wa hao walikutwa naye kwenye damu, na waliugulia majumbani kwao, hawakuwa ICU. Damu ni mahali ambapo mdudu hana ruhusa ya kuwapo. Ukinipa chupa ya damu ya mzee ikaota Stenotrophomonas, nitakupigia simu usiku wa manane, na Septrini nitaibeba mwenyewe. Koo lenye mpira ni habari nyingine. Damu yake ya juzi haijaota kitu.

DAKTARI WA ICU: Nimonia nyingi za mashine haziingii kwenye damu, hilo unalijua. Tena maabara zina historia ya kudharau. Miaka mingi mkiona Corynebacterium mnaandika "uchafu wa ngozi" na sahani inakwenda kwenye ndoo. Leo Corynebacterium striatum anajulikana kwamba huleta nimonia kwa watu wa mashine, na ana usugu wa kutisha. Ni wangapi walikufa tukiwa tumeandikiwa "uchafu"?

MTAALAMU WA MAABARA: Na ni wangapi walikufa figo kwa dawa ya mdudu ambaye hakuwa na kosa? Hao hawana jina kwenye fomu, kwa hiyo hawahesabiwi.

DAKTARI WA ICU: Nipe njia basi. Usinipe mashaka peke yake.

MTAALAMU WA MAABARA: Njia ipo. Nipe sampuli ya chini. Makohozi ya kwenye mpira yanapita kwenye ule utando niliosema, lazima yaje na wapangaji wake. Ingiza mrija mwembamba mpaka uguse mwisho, mimina maji ya chumvi safi, vuta, niletee. Nikikuta bakteria 10,000 au zaidi kwa mililita kwenye maji hayo, nitanyamaza. Wafaransa walilijaribu hili kwa wagonjwa 413 katika ICU 31, matokeo yakatoka mwaka 2000: waliochukuliwa sampuli za chini walipewa dawa kidogo zaidi, na siku ya 14 waliokufa walikuwa asilimia 16, dhidi ya karibu 26 upande wa pili.

DAKTARI WA ICU: Na Wakanada mwaka 2006, wagonjwa 740, hawakuona tofauti yoyote. Vifo asilimia 19 huku, 18 kule. Mbona hao huwataji?

MTAALAMU WA MAABARA: Kwa sababu Wakanada tangu mwanzo waliwaondoa wagonjwa waliokuwa wameshabeba Pseudomonas au stafilokokasi sugu. Yaani waliwaacha nje watu wanaofanana na mzee wetu, kisha unaniletea jibu lao nilitumie kwake.

DAKTARI WA ICU: Sawa, hiyo umepata. Lakini utafiti ni wa watu wengi, mimi nina mmoja. Yuko kwenye oksijeni asilimia 70. Nikimmiminia maji pafuni, oksijeni ya kwenye damu yake inaweza kushuka mpaka asilimia 80 nikashindwa kumrudisha. Bronkoskopu yetu iko kwa fundi. Na majibu ya hiyo sampuli nayapata lini, kesho?

MTAALAMU WA MAABARA: Kesho jioni nakupa idadi. Keshokutwa usugu.

DAKTARI WA ICU: Kesho jioni ni mbali sana kwa pafu hili.

MUUGUZI WA ZAMU: Mkimaliza kugombania pafu la kitanda namba tatu, naomba mtazame namba tano.

DAKTARI WA ICU: Namba tano ana nini, Sista?

MUUGUZI WA ZAMU: Ana jina hilo hilo. Fomu yake ilirudi wiki iliyopita, ikaandikwa "amembeba tu, asitibiwe", ikawekwa kwenye faili. Na yule binti wa ajali ya bodaboda aliyetoka hapa mwanzoni mwa mwezi, naye alikuwa na Stenotrophomonas. Mimi sikusoma mikrobiolojia kama nyie, ila watatu katika vitanda vinavyofuatana, mdudu ambaye mnasema hapatikani kirahisi, huo si ugeni tena. Amepanga humu ndani.

MTAALAMU WA MAABARA: Wote watatu walipata meropenemu.

MUUGUZI WA ZAMU: Namba saba naye amepata meropenemu na hana mdudu. Namba saba yuko upande wa pili, mbali na sinki.

DAKTARI WA ICU: Unasema sinki?

MUUGUZI WA ZAMU: Nasema maji. Simameni hapa usiku muone. Mashine inapuliza hewa yenye joto na unyevu, hewa ikipoa ndani ya bomba inakuwa matone, matone yanakusanyika kwenye lile tumbo la bomba linaloning'inia. Tunamgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili. Ukimgeuza bila kwanza kuyamwaga yale maji, yanateremka yote kuelekea kooni. Unasikia kabisa, kwaruu, halafu mashine inapiga kelele. Hiyo moja. Ya pili, mrija wa kunyonyea. Ukishanyonya makohozi unatakiwa kuusafisha kwa maji maalumu yasiyo na vijidudu. Maji hayo yakiisha saa nane usiku, na stoo imefungwa, watu wanajaza kikombe kwenye koki pale.

NDUGU WA MGONJWA: Maji ya bomba? Halafu mrija unarudi kwa baba?

MUUGUZI WA ZAMU: Unarudi, mama. Sikuambii uongo.

DAKTARI WA ICU: Sista, tunaongea mbele ya ndugu wa mgonjwa.

MUUGUZI WA ZAMU: Nimemwona, Daktari. Ndiyo maana nimesema.

MTAALAMU WA MAABARA: Anachosema kina uzito. Singapore mwaka 2012 walipata wagonjwa wa ICU wenye Elizabethkingia. Wakahangaika huku na kule, mwisho wakamkuta kwenye vile vichujio vidogo vya mdomoni mwa koki za kunawia. Watu walikuwa wananawa mikono ili wasieneze mdudu, na mikono inatoka na mdudu. Hata jina walikosea: walimwita E. meningoseptica, na vinasaba viliposomwa akaonekana ni E. anophelis. Uholanzi nako, pale Nijmegen, waliziondoa kabisa sinki kwenye vyumba vya ICU, na wadudu wa aina hii wakapungua kwa wagonjwa, hasa waliokaa muda mrefu.

MUUGUZI WA ZAMU: Na wewe, mwenye maabara, koki yetu umeshaiotesha?

MTAALAMU WA MAABARA: Vioteshea ninavyoletewa havitoshi hata makohozi. Sina bajeti ya kuotesha sinki.

MUUGUZI WA ZAMU: Lakini bajeti ya kuandika "amembeba tu" unayo.

MTAALAMU WA MAABARA: Na nitaandika tena kama ndivyo ilivyo. Kuwa na chanzo cha maji hakumfanyi kila aliyembeba awe mgonjwa. Tena hoja yako inanisaidia mimi, Sista. Kama mdudu anaingizwa na mrija kila tunaponyonya, basi ni wa kwenye mpira, hajatoka pafuni.

MUUGUZI WA ZAMU: Hapana, inakuumbua. Kama anasukumwa kila saa mbili kwa mtu asiyeweza kukohoa, atakaa kwenye mpira mpaka lini?

DAKTARI WA ICU: Nakubaliana na Sista kuhusu maji, ila tusiifanye koki kuwa matibabu. Hata tukiing'oa leo, mzee ana homa leo. Tena si koki peke yake. Marekani mwaka 2016 Burkholderia cepacia, bakteria aliyejulikana kwanza kwa kuozesha vitunguu, aliwaingia wagonjwa wa mashine kupitia dawa ya maji ya kulainisha choo. Chupa zilitoka kiwandani zikiwa naye. Ukimsaka mdudu wa maji utamsaka kwenye sabuni, kwenye sukutuo, kwenye dawa. Ni kazi ya miezi. Mimi nina saa.

MUUGUZI WA ZAMU: Miezi haihitajiki kuinua kichwa cha kitanda nyuzi 30. Wala kumpiga mswaki. Wala kuyamwaga maji ya bomba la mashine kabla ya kumgeuza. Inahitajika mikono. Jana usiku nilikuwa na wagonjwa watatu wa mashine peke yangu, na mmoja alikuwa na degedege. Niambieni ni yupi ningemuacha nikamsugue mwingine meno. Nyie mnapima dawa moja au mbili, mimi nataka muuguzi wa pili. Huyo hana madhara kwa figo.

DAKTARI WA ICU: Hilo nitalipeleka kwa uongozi.

MUUGUZI WA ZAMU: Ulilipeleka mwezi wa tatu.

NDUGU WA MGONJWA: Naomba niseme. Baba aliingia hapa kwa kiharusi. Hakuwa na mdudu. Sasa ana mdudu ambaye, kwa maneno yenu, huenda ametoka kwenye koki yenu, na alipata nafasi kwa sababu ya dawa yenu, na dawa ya kumtoa inaweza kumuua figo. Na karatasi ya dawa hiyo naletewa mimi nikalipie.

DAKTARI WA ICU: Dada, hatujathibitisha kwamba ni koki.

NDUGU WA MGONJWA: Je, mmethibitisha kwamba anaugua mdudu huyo?

DAKTARI WA ICU: Hapana. Nina sababu za kuamini hivyo.

NDUGU WA MGONJWA: Basi kuamini kwenu kunatosha kwa dawa ninayolipia mimi, ila hakutoshi kwa koki mnayolipia nyie.

MTAALAMU WA MAABARA: Hapo, Daktari, hata mimi sina la kujibu.

DAKTARI WA ICU: Mimi ninalo. Nikikosea kwa kutoa dawa, nitaona kriatinini inapanda na nitasimamisha. Nikikosea kwa kutotoa, sitapata nafasi ya kusimamisha kitu. Makosa hayo mawili hayana uzito sawa, na anayeulizwa saa kumi alfajiri ni mimi, si mwenye sahani.

MTAALAMU WA MAABARA: Ungekuwa na mgonjwa mmoja tu duniani, ningekubali. Lakini dawa unayompa namba tatu inapanda wadudu watakaomfuata namba nne. Meropenemu ilikuwa hivyo hivyo: ilimwokoa siku ya tatu, ikatuletea mjadala wa siku ya kumi na moja. Na ukishaanza, utaacha lini? Wafaransa mwaka 2003, wagonjwa 401, siku nane dhidi ya kumi na tano: vifo havikutofautiana, ila kwa wadudu wa kundi la Pseudomonas, ambalo huyu wako ni jirani yake, maambukizi yalirudi kwa asilimia 40 ya waliopewa siku nane. Asilimia 25 kwa waliopewa kumi na tano. Utampa ngapi mwenye figo hizi?

DAKTARI WA ICU: Saba, halafu nitazame. Nepal, Thailand na Singapore wametoa utafiti mwaka 2024, wagonjwa 461, dawa ikasimamishwa mara homa ilipoisha na presha ilipotulia, hata kabla ya siku saba, na hawakufa zaidi. Hizo ni ICU zenye wadudu sugu kama wa kwetu, siyo za Paris.

MTAALAMU WA MAABARA: Basi tukutane hapo. Sampuli ya chini ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, hata kama ni mililita mbili tu. Na damu chupa mbili. Ukitoa dawa kwanza, sahani yangu itanyamaza, na hatutajua kama mdudu alikufa au hakuwapo.

DAKTARI WA ICU: Damu nakubali. Sampuli ya chini, oksijeni ya damu ikishuka chini ya 88 naacha hapo hapo na dawa inaingia. Septrini, nusu ya kile kiwango cha juu, potasiamu kila baada ya saa sita.

MTAALAMU WA MAABARA: Nusu ya kiwango ndiyo njia ya kumfundisha usugu.

DAKTARI WA ICU: Na kiwango kizima ndiyo njia ya kwenda kwenye mashine ya kusafisha damu, ambayo hatuna. Chagua.

MTAALAMU WA MAABARA: Nachagua kusubiri mpaka kesho jioni. Andika kwamba nilisema hivyo.

DAKTARI WA ICU: Naandika. Na mimi naanza saa kumi na mbili jioni hii, sampuli ikipatikana au isipopatikana.

NDUGU WA MGONJWA: Kabla hujafunga faili, Dokta. Andika na mdudu alipopatikana.

DAKTARI WA ICU: Nitaandika "maambukizi yamepatikana hospitalini, chanzo hakijathibitishwa".

MUUGUZI WA ZAMU: Na namba tano yumo humo? Na binti wa bodaboda?

DAKTARI WA ICU: Hilo faili ni la mzee, Sista.

MUUGUZI WA ZAMU: Basi nipe karatasi tupu, niandike la koki.

MTAALAMU WA MAABARA: Lete na kile kichujio cha mdomoni. Nitatafuta sahani.